Lisome Kabla Hujalifungua: Mwongozo wa Kufufua Gari la Zamani Kisiwani Mafia

Kila gari lililopo Mafia limevuka maji. Liwe lilipakiwa jahazini, kwenye tishari au melini, palikuwa na mtu aliyelilipia nauli, mtu aliyelipokea Kilindoni, na kazi iliyokuwa ikilisubiri. Kwa sababu hiyo gari kuukuu unalolikuta juu ya mawe nyuma ya ghala la mbata, limeota majani na halina namba, lina siri inayofuatiliwa kwa urahisi kuliko siri ya gari la Dar es Salaam au Arusha: njia ya kuingia ilikuwa moja, na magari yalikuwa machache kiasi kwamba watu waliyakumbuka moja moja. Mwongozo huu una hoja moja. Ukitaka kufufua gari la namna hiyo, anza kwa kujua ni gari gani, lilikuwa la nani na lilifanya kazi gani. Spana zije baadaye. Anayeanza na spana hununua spea zisizo zake, hugombana na warithi asiowajua, na mara nyingi hukwangua kwa mkono wake mwenyewe ushahidi usioweza kurudi.

Mifano yangu mingi ni ya Land Rover, kwa kuwa ndiyo gari ambalo serikali, polisi, misheni na wenye mashamba wa Afrika Mashariki walilitegemea kabla Toyota Land Cruiser haijatwaa nafasi yake. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ikiwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, na kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Chasisi pamoja na ukuta unaotenga injini na dereva vikabaki vya chuma. Mpangilio huo ndio unaowadanganya wanunuzi wengi wa pwani. Bodi inaweza kuonekana nzima baada ya miaka 60 ya upepo wa chumvi, huku chasisi iliyo chini yake ikiwa imeliwa kutoka ndani hadi imebaki ganda. Kwa gari kama hili macho ni shahidi dhaifu. Inabidi ujue pa kugusa na cha kuuliza.

Pa kutafuta, na namna ya kuuliza

Fuata uchumi wa kisiwa. Magari ya zamani yalikwenda palipokuwa na mzigo au mamlaka: mashamba ya minazi kama yale ya Ngombeni, ofisi za wilaya Kilindoni, zahanati na shule, biashara ya samaki, na baadaye hoteli za upande wa Utende. Ukijua gari lilikuwa likitumika wapi, umeshapunguza orodha ya wanaoweza kuwa wenyewe. Baada ya hapo watafute waliolishika kwa mikono: madereva wastaafu, utingo, mafundi na wachomeleaji. Hao hukumbuka kuliko wenye gari, kwa sababu mwenye gari anakumbuka bei aliyolinunulia, naye fundi anakumbuka kila kitu kilichowahi kuvunjika. Nenda kwa adabu ya pwani. Toa shikamoo, kaa, ulizia hali ya nyumbani, na usitaje bei siku ya kwanza, maana bei ikishatajwa kila kumbukumbu itakayofuata itakuwa inalenga kuipandisha.

Usiulize gari ni la mwaka gani, kwa sababu utapewa mwaka wa kukufurahisha. Uliza lilikuwa likibeba nini, dereva wake alikuwa nani, lilikuwa na rangi gani, na liliwekwa chini kabla au baada ya jambo gani. Kumbukumbu za watu hujishikiza kwenye matukio, na hapa matukio yapo ya kutosha: Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995. Kati ya hayo, mawili yanagusa magari moja kwa moja. Baada ya Azimio mali nyingi zilihamia mashirika ya umma, na wakati wa vita magari mengi ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kwa kazi ya jeshi. Ukiambiwa gari lilibadilisha mwenyewe katika miaka hiyo, umepata swali jipya la kufuatilia, na pengine sababu ya karatasi zake kutoonekana. Waulize wazee wawili au watatu kila mmoja kwa wakati wake. Pale wanapokubaliana bila kukaa pamoja pana uzito. Pale wanapopishana, chuma ndicho kitakachoamua.

Kukisoma chuma

Kwenye Land Rover za Series II, IIA na III, namba ya chasisi iligongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia, na namba ya injini iko kwenye bloku. Kibati chenye namba nacho hufungwa ndani ya kabini, lakini kibati huhamishika kwa bisibisi. Kiamini pale tu kinapokubaliana na chasisi. Safisha sehemu hiyo kwa mafuta ya taa na brashi laini, kamwe usitumie mashine ya kusaga, kisha ipige picha kabla ya jambo lingine lolote. Namba yenyewe inazungumza. Katika IIA, iliyotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, gari fupi la inchi 88 la petroli linaloanza na 241 lilikusudiwa soko la Uingereza. 242 ni la usukani wa kulia lililotoka kiwandani likiwa kamili kwa ajili ya kuuzwa nje. 243 ni la usukani wa kulia lililosafirishwa vipande vipande likaunganishwe nchi nyingine. Kwa hiyo tarakimu tatu tu zinaweza kuivunja hadithi ya muuzaji anayeapa kwamba gari lilishushwa Kilindoni likiwa jipya kutoka Uingereza.

Ukishapata namba, liandikie Jumba la Makumbusho ya Magari la Uingereza lililopo Gaydon. Wanatunza daftari za kiwanda na hutoa, kwa malipo, cheti kinachoonesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza, namba ya injini na mahali gari lilikopelekwa. Magari yaliyokwenda vipande vipande hayana maelezo mengi huko, na hapo itabidi urudi kwenye historia ya eneo letu. Land Rover ziliwahi kuunganishwa Thika, Kenya, katika kiwanda kilichoanzishwa miaka ya 1970. Lakini mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Gari la Thika la miaka hiyo likikutwa Mafia, na muuzaji akadai lilinunuliwa jipya Nairobi mwaka 1980 na kuletwa moja kwa moja, haimaanishi kwamba ni mwongo. Inamaanisha kwamba bado hajakueleza lilipitia wapi.

Kisha soma rangi na matundu. Chini ya boksi la viti, nyuma ya dashibodi na ndani ya milango rangi ya kwanza mara nyingi hubaki. Fungua dirisha dogo la ukubwa wa kiganja kwa msasa wa maji, taratibu, tabaka kwa tabaka, na piga picha kila rangi inapojitokeza. Namba za zamani huonekana kama kivuli chini ya rangi mpya, na herufi zake ni ushahidi: DS za enzi ya Tanganyika zilikuwa za Dar es Salaam, TZ zilitangulia mfumo wa sasa unaoanza na T, SU ni shirika la umma, SM ni serikali za mitaa, PT ni polisi, DFP ni mradi wa wafadhili. Matundu ya bolti kwenye paa au bawa la mbele huashiria antena ya redio au taa ya juu, na springi zilizoongezwa majani husema gari lilibeba mizigo mizito. Hakuna alama hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Zikikubaliana tatu au nne, tena na maneno ya wazee, una maelezo yanayoweza kusimama mbele ya mtu asiyekujua.

Anayeona kwamba huu ni upelelezi uliopitiliza aende Ngome ya Yesu, Mombasa, ambako mizinga ya Königsberg na Pegasus imewekwa. Ni meli zinazowahusu watu wa Mafia. Königsberg iliizamisha Pegasus Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha delta ya Rufiji, na baada ya Waingereza kuiteka Mafia Januari 1915, ndege zilizoruka kutoka kisiwani ziliongoza mashambulizi yaliyoimaliza Julai mwaka huo. Mizinga ya pande zote mbili iliokolewa na kuendelea kutumika nchi kavu. Kwa mtazamaji wa kawaida ni vyuma viwili vinavyofanana, lakini wa Kijerumani una mdomo wa milimita 105 na wa Kiingereza wa inchi 4, yaani chini ya milimita 102. Tofauti ya milimita tatu na ushee ndiyo inayosema nani alimpiga nani. Maneno yanaweza kuchanganya mizinga hiyo, kipimo hakiwezi.

Hapa fundi mzoefu atapinga. Atasema gari la kisiwani halina tena asili ya kusomwa, kwa kuwa limeshawekewa injini ya Toyota, giaboksi ya gari jingine, milango ya la tatu, na waya za kuungaunga. Ni kweli kuhusu hali, lakini hitimisho si sahihi. Chasisi ndiyo inayobeba utambulisho, na kila kilichobadilishwa juu yake ni sehemu ya maisha ya gari. Injini ya dizeli iliyofungwa badala ya petroli inaeleza kwamba mtu alihitaji gari liendelee kufanya kazi na akakosa spea au akashindwa na gharama ya mafuta. Kiraka kilichochomelewa kwa ustadi kinakupeleka kwa mchomeleaji, na mchomeleaji anakupeleka kwa mwenye gari wa wakati ule. Anayetaka gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani atafute kwingine. Anayetaka gari la Mafia ayasome matengenezo nayo.

Karatasi kabla ya fedha

Gari lisilo na mwenyewe anayejulikana haliwezi kuwa lako, hata ukilirudishia uhai. Usajili wa magari Tanzania Bara uko chini ya Mamlaka ya Mapato, TRA, na watakachotaka kuona ni mfululizo wa umiliki usiokatika hadi kwako. Kama kadi ipo, linganisha namba zake na zile za chasisi na injini, herufi kwa herufi. Kama imepotea, aliyeandikwa ndiye anayepaswa kutoa taarifa polisi, kula kiapo na kuomba nakala, wewe huwezi kumfanyia. Kama amefariki, usinunue kwa mtoto aliyebaki nyumbani tu kwa kuwa ndiye anayelala karibu na gari. Nunua kwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kama namba ni ya taasisi ya serikali, muuzaji aoneshe hati za mnada ulioliondoa kwenye mali ya umma. Na kama ni namba ya Zanzibar, kumbuka kwamba usajili wa huko si usajili wa Bara, na panaweza kuwa na kodi ya kulipa. Namba ikiwa imesagwa au kugongwa upya, acha. Wewe pia usiigonge upya ili isomeke vizuri, maana utakuwa umejitengenezea kesi.

Pingamizi la kawaida hapa ni la muda: ukisubiri karatasi, mwenye gari ataliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hofu hiyo ina msingi, na ina dawa. Andikianeni mkataba mfupi mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa, utoe kianzio kidogo, na uandike kwamba kianzio kinarudi endapo umiliki hautathibitishwa ndani ya muda mliokubaliana. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa masharti hayo. Anayeyakataa na kutaka fedha zote jioni hiyohiyo amekuambia jambo kuhusu gari ambalo hukumuuliza.

Kazi yenyewe

Ukishalijua gari na likawa lako, ndipo ujuzi wako unapoanza kulipa. Spea karibu zote zitatoka Dar es Salaam, Kariakoo au Gerezani, zipite barabara hadi Nyamisati na zivuke kwa kivuko cha MV Kilindoni cha TEMESA au chombo kingine. Kuagiza kwa kukisia ni kulipa nauli mara mbili. Breki za Land Rover ya inchi 88 kwa kawaida zina ngoma za inchi 10, za inchi 109 zina za inchi 11. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu za krankishafti hadi 1980, baada ya hapo ikawa na tano. Fundi asiyejua ana toleo lipi ataletewa boksi la spea nzuri kabisa zisizoingia popote. Kwa hiyo namba uliyoisafisha kwa mafuta ya taa, iliyoonekana kama udadisi wa historia, ndiyo itakayokuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la dukani.

Anza na chasisi. Igonge kwa nyundo ndogo urefu wake wote; chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Chokoa kwa bisibisi boriti ya nyuma, mikono inayoshikilia bodi pembeni, kingo za ukuta wa injini na mahali dereva anapoweka miguu. Bisibisi ikizama sehemu chache, kata na uchomelee chuma kipya. Ikizama kila mahali, fanya hesabu upya kabla hujanunua hata gasketi. Alumini inapokutana na chuma penye chumvi, utaona unga mweupe: alumini inaliwa. Ukifunga tena, weka mpira au rangi nzito katikati ili metali hizo mbili zisigusane. Ndani ya chasisi osha kwa maji baridi mengi hadi yatoke safi, acha ikauke kabisa, kisha pitishia nta au grisi nyepesi kupitia matundu yake. Mtu wa pwani anaweza kupendekeza sifa, mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, na wazo hilo halichekeshi: kampuni ya Rust-Oleum ya Marekani ilianzishwa 1921 na nahodha aliyeona mafuta ya samaki yakizuia kutu kwenye sitaha. Lakini papa wamepungua, na nta inafanya kazi hiyo bila kuwamaliza.

Injini iliyoganda usiivute kwa gari jingine ili izunguke. Toa plagi, mimina ndani ya kila silinda mafuta ya injini yaliyochanganywa na dizeli, iache siku kadhaa, kisha jaribu kwa hendeli ya mbele polepole, mbele na nyuma. Pistoni zilizokwama kwa kutu hafifu mara nyingi huachia; ukizilazimisha utavunja ringi, na pengine zaidi. Afrika Mashariki ina ushahidi mkubwa wa kile mafuta yanachoweza kuokoa. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha Graf von Götzen Ziwa Tanganyika, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Meli iliinuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, mitambo yake ikiwa bado inafaa. Gari ulilolikuta limekaa miaka 30 chini ya mwembe pengine liliwekwa chini na dereva aliyekuwa na busara hiyohiyo. Angalia mafuta yaliyobaki kabla hujakata tamaa, na kabla hujayamwaga.

Kuhusu rangi na bodi, wengi hutaka kunyoosha kila bonde, kukwangua hadi alumini na kupiga rangi mpya inayong'aa. Jizuie. Kiwanda chenyewe, kilipolirudisha moja ya magari yaliyooneshwa Amsterdam 1948, lililokuwa limekutwa bustanini karibu na Solihull, kilitangaza mwaka 2018 kwamba kingehifadhi rangi yake kuukuu ya kijani hafifu na alama za umri wake. Waliokuwa na uwezo wa kulifanya jipya kabisa waliona kwamba upya huo ungelipunguzia thamani. Utasikia hoja kwamba kutunza ukale ni anasa inayohatarisha maisha, na kwa baadhi ya viungo hoja hiyo ni sahihi kabisa. Breki, mipira yake, tairi, nyaya za umeme, mabomba ya mafuta na viungo vya usukani vifanye vipya bila huruma. Ushahidi haukai kwenye mpira wa breki. Kile unachokitoa na bado kinasomeka, kifungie lebo na ukihifadhi.

Je, inafaa?

Pingamizi zito kuliko yote ni la hesabu: kwa gharama hizi mtu angenunua Toyota iliyotumika kutoka Japani, ikaenda Utende na kurudi bila kelele. Sina jibu la kulipinga hilo. Kama unahitaji usafiri, nunua Toyota. Lakini hesabu hiyo inaipa nguvu hoja ya mwongozo huu, kwa kuwa inaonesha thamani ya gari la zamani iko wapi. Mwaka 1955 Land Rover yenye namba SNX 891, iliyoitwa Oxford, iliondoka London pamoja na mwenzake kuelekea Singapore na kufika mwaka uliofuata. Baadaye ikaenda na wachunguzi wa ndege kisiwani Ascension, ikaishia Saint Helena, ikiwa mkweche kati ya mikweche ya kisiwa. Mwaka 2017 ilirudishwa Uingereza, ikafufuliwa, na mwaka 2019 ikasafiri kutoka Singapore hadi London. Magari ya aina yake yalitengenezwa kwa maelfu. Lililowafanya watu walipe nauli ya bahari kwa mabaki yake ni kwamba ilijulikana ni ipi. Gari lako la Mafia huenda halikwenda Singapore. Pengine lilibeba mbata, wagonjwa na mishahara ya walimu. Hiyo nayo ni historia, mradi iweze kuthibitishwa. Bila uthibitisho una gari kuukuu la gharama kubwa, na hapo mwenye Toyota amekushinda.

Kwa hiyo kazi haijakwisha injini inapowaka. Tengeneza jalada: picha za namba na tabaka za rangi, cheti cha Gaydon kama umekipata, mkataba, majina ya waliokueleza kwa ridhaa yao, na orodha ya kila ulichobadilisha pamoja na tarehe. Eleza wazi lipi limethibitika na lipi ni maneno ya watu, na ukibadilisha rangi au injini, wajulishe TRA ili kadi ikubaliane na gari. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini. Siri nyingi za magari ya zamani hazikutokana na mambo ya ajabu. Zilitokana na watu kutoandika. Siku utakapoliuza au kulirithisha, anayelichukua asilazimike kuanza kazi hii upya kwa sababu yako.